Gozi lilikutwa tumboni mwa mke wangu miezi minane baada ya upasuaji, na sasa faili "halionekani": tuanzie Baraza la Madaktari, polisi au mahakamani?

#1 Baba Wawili (mleta uzi)

Habari za jioni, wana jukwaa. Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunishauri.

Machi 2023 mke wangu alijifungua kwa upasuaji katika hospitali moja ya wilaya, kanda ya kati. Mtoto alitoka salama, na kwa hilo tunamshukuru Mungu. Tangu wiki ya tatu mama alilalamika maumivu chini ya kitovu, upande wa kushoto. Kila tuliporudi tuliambiwa kuwa kidonda kinapona kwa ndani, tukapewa vidonge vya maumivu, na mara mbili akatibiwa UTI. Novemba mwaka huohuo, alipokuwa amekwisha kukonda hata pete ya ndoa ikawa inamtoka, tulimpeleka hospitali nyingine inayomilikiwa na shirika la dini. Walimpiga ultrasaundi mchana, wakampasua usiku uleule.

Daktari aliniita mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Alikuwa ameshika lile sinia dogo la chuma lenye umbo la figo, na ndani yake kulikuwa na kitambaa kilichokunjamana, chenye rangi ya chai ya maziwa iliyolala, kikitoa harufu ambayo nikiikumbuka mezani naacha kula. Alisema neno moja: "Gozi," yaani kitambaa cha kufyonza damu wakati wa upasuaji. Kisha akaniomba nikae.

Nilirudi hospitali ya kwanza mara nne kuomba nakala ya faili. Mara ya kwanza karani alikuwa msibani, mara ya pili chumba cha kumbukumbu kilikuwa kinahamishwa, mara ya tatu na ya nne nikaambiwa faili halionekani. Sasa tuko Septemba 2025. Mke wangu anasema tumwachie Mungu. Mimi siwezi kulala. Je, nianzie wapi, na je, bado nina muda?

#2 Kipanga

Pole sana, mkuu, na mpe pole shemeji. Nenda polisi kesho asubuhi. Sheria ya Kanuni za Adhabu inataja wazi kwamba anayetoa matibabu au kufanya upasuaji kwa uzembe unaohatarisha maisha ametenda kosa la jinai. Tusisahau mwaka 2007 pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ambapo wagonjwa wawili wenye jina la kwanza linalofanana walibadilishiwa upasuaji: aliyekuwa na tatizo la goti akafunguliwa kichwa, na aliyekuwa na tatizo la kichwa akapasuliwa goti. Tukiendelea kusema "tumwachie Mungu", yatajirudia.

#3 Wakili wa Bonde

Pole, ndugu mleta uzi. Mimi ni wakili, na ninaandika haya kama ushauri wa jumla kwa kuwa sijaona nyaraka zako.

Zipo njia tatu, na watu wengi hupoteza miaka kwa kuzichanganya. Njia ya polisi, aliyoitaja Kipanga, lengo lake ni kumwadhibu mtu. Jamhuri ndiyo inayoshitaki, wewe unakuwa shahidi, na uthibitisho unaotakiwa ni ule usioacha shaka yoyote ya msingi. Njia ya mabaraza ya kitaaluma lengo lake ni nidhamu. Daktari anashughulikiwa na Baraza la Madaktari Tanganyika chini ya sheria ya mwaka 2017, na muuguzi au mkunga anashughulikiwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Baraza linaweza kumwonya mtaalamu, kumsimamisha au kumfuta katika rejista, lakini halitakupa fidia. Njia ya tatu ni shauri la madai, na hiyo pekee ndiyo inayoweza kukurudishia ulichopoteza, kwa kipimo cha mizania ya uwezekano, yaani upande gani una uzito zaidi.

Kuhusu muda, madai ya fidia kwa madhara ya aina hii yana ukomo wa miaka 3. Ukihesabu tangu Machi 2023, ukomo ni Machi 2026. Umebakiwa na miezi sita, na miezi hiyo si yote yako, kwa sababu hospitali ni ya umma na kabla ya kufungua shauri ni lazima utoe notisi. Malalamiko yaliyoko Baraza au polisi hayasimamishi kuhesabika kwa muda huu. Nimewahi kupokea mteja aliyesubiri jibu la Baraza kwa utulivu kabisa, na alipoingia ofisini kwangu miaka mitatu ilikuwa imepita kwa siku kumi na moja.

#4 Hesabu Kamili

Nakubaliana na Wakili. Naongezea tu kwamba hospitali ya wilaya iko chini ya halmashauri, kwa hiyo notisi ni ya siku 30, wala si ile ndefu ya Serikali Kuu. Anao muda wa kutosha.

#5 Wakili wa Bonde

Hapana, Hesabu Kamili, na ni vema hili lirekebishwe mapema kwa sababu kosa hili huua mashauri. Siku 30 zilikuwa za zamani. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yaliziingiza halmashauri katika utaratibu uleule wa Serikali: notisi ni siku 90, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali ni lazima aunganishwe kama mdaiwa. Usipomuunganisha, shauri linaanguka hata kama ushahidi wako ni mzito kama jiwe la kusagia. Mleta uzi ahesabu kurudi nyuma kutoka Machi 2026, na afanye hesabu hiyo kana kwamba siku 90 hazitamwongezea chochote. Kwa hesabu yangu, notisi iwe imegongwa muhuri wa mapokezi kabla Novemba haijaisha.

#6 Nesi wa Thieta

Poleni, baba na mama. Nimefanya kazi chumba cha upasuaji miaka ishirini na sita, nimestaafu. Nimeusoma uzi huu mara mbili kabla ya kuandika.

Wengi hawajui jinsi gozi zinavyohesabiwa. Kabla ya ngozi kuguswa, muuguzi anayemhudumia daktari na muuguzi wa nje ya meza huhesabu pamoja, kwa sauti, kifurushi kimoja kimoja. Namba inaandikwa ubaoni. Zinazotumika zinatupwa kwenye ndoo, na wa nje anazitandaza sakafuni au anazitundika ili zionekane. Kabla ya kufunga mfuko wa uzazi kuna hesabu, kabla ya kufunga tumbo kuna nyingine, na kabla ya ngozi kushonwa kuna ya mwisho. Hata orodha ya usalama wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008, yenye vipengele 19, inamtaka muuguzi atamke kwa mdomo kwamba vifaa, gozi na sindano vimetimia kabla mgonjwa hajatolewa chumbani.

Sasa niseme kinachotokea usiku. Muuguzi wa nje anaitwa kupokea mtoto ambaye hajalia. Hesabu ya pili inabaki kwa mtu mmoja mwenye glavu zilizojaa damu. Gozi lililolowa damu ndani ya tumbo halionekani kama kitambaa, linaonekana kama utumbo, na mkono wenyewe unadanganyika. Nimewahi kumkatalia daktari kushona kwa sababu namba yangu ilipungua moja. Alinikaripia mbele ya watu. Tulilikuta chini ya ini.

Kwa hiyo, Baba Wawili, faili si mahali pekee. Iko rejista ya thieta, kitabu kikubwa ambacho hakitoki chumbani, kinachoandikwa jina, tarehe, aina ya upasuaji, aliyepasua, aliyetoa usingizi na aliyehudumia. Kipo kitabu cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) namba 12 cha wodi ya wazazi. Kipo kitabu cha ripoti ya wauguzi cha kupokezana zamu. Faili moja linaweza kupotea, lakini vitabu vitatu kupotea pamoja katika tarehe moja ni jambo ambalo hospitali italazimika kulieleza. Na kadi ya kliniki ya mama mnayo nyumbani. Msiitoe mkononi, toeni nakala.

#7 Daktari wa Zamu

Ahsante, Dada Nesi, kwa maelezo ya haki. Mimi ni daktari katika hospitali ya wilaya, na ninaomba nisikilizwe bila hasira.

Sitetei gozi kubaki tumboni. Halina utetezi. Ninachotaka kusema ni kwamba mnamtafuta mtu, na huenda kosa halikai kwa mtu. Wiki iliyopita nilifanya upasuaji wa kujifungua mara tatu kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri. Muuguzi wa nje alikuwa mmoja kwa thieta na kwa chumba cha watoto wachanga. Umeme ulikatika katikati ya upasuaji wa pili, na kwa dakika kadhaa hadi jenereta iwake tulimulikiwa na tochi ya simu ya mtoa usingizi. Ziko gozi zenye uzi unaoonekana kwenye eksirei ili zikipotea zitafutwe, lakini sisi mara nyingi tunapokea za kawaida, ambazo eksirei haizioni. Mkimfuta huyo muuguzi katika rejista, usiku unaofuata atakuwepo nani?

#8 Kipanga

Daktari, kwa heshima zote, mke wa mtu amebeba kitambaa kilichooza miezi minane, na mara zote alizorudi hakuna aliyemgusa tumbo kwa makini. Hilo la pili halihusiani na jenereta. Lilitokea mchana, kliniki, umeme ukiwepo.

#9 Daktari wa Zamu

Hapo umenena kweli, na sina jibu. Mama aliyepasuliwa akirudi na maumivu yasiyoisha anastahili ultrasaundi, hata kama ni kwa rufaa.

#10 Wakili wa Bonde

Kipanga ameligusa jambo kubwa pengine bila kukusudia. Kuna uzembe wa aina mbili hapa: kuliacha gozi, na kushindwa kulitambua mgonjwa aliporudi. Wa pili una tarehe zake, kila hudhurio kivyake, na ushahidi wake ni kadi na risiti ambazo familia inazo. Katika hati ya madai yote mawili yaandikwe. Na huna haja ya kujua ni mkono gani ulioacha gozi, kwa kuwa mwajiri hubeba dhima ya uzembe wa watumishi wake walipokuwa kazini. Hilo linajibu hofu ya Daktari pia: shauri la madai linaelekezwa kwa taasisi, na taasisi ndiyo yenye wajibu wa kuweka wauguzi wawili badala ya mmoja.

#11 Mama Tunu

Poleni sana. Mwanangu ana miaka sita, hakai, hasemi. Uchungu ulianza saa mbili asubuhi, mapigo ya moyo wa mtoto yakaandikwa mara moja tu hadi saa kumi jioni. Najua kwa sababu nilipokuwa nasukumwa kwenye kiti cha magurudumu ile karatasi ya kufuatilia uchungu ilikuwa mapajani mwangu, na nyingi ya mistari yake ilikuwa mitupu. Wakili wa kwanza aliniambia nimechelewa, miaka mitatu imepita. Niliondoka nikilia, sikurudi tena kwa wakili yeyote. Je, ni kweli?

#12 Mjukuu wa Chifu

Mama Tunu, usikate tamaa. Muda unaanza kuhesabiwa siku mtu anapogundua madhara, hauhesabiwi siku ya tukio. Na hata ukipita, unaiomba mahakama ikuongezee. Vivyo hivyo kwa mleta uzi: saa yake imeanza Novemba 2023 gozi lilipotoka, kwa hiyo anao muda hadi Novemba 2026.

#13 Wakili wa Bonde

Mjukuu, nakuomba uwe mwangalifu, kwa sababu kuna mtu atakayeamini na kukaa nyumbani.

Mahakama inaweza kuongeza muda wa rufaa na maombi. Kwa shauri jipya la madai haina mamlaka hayo. Aliyepewa mamlaka ni Waziri mwenye dhamana ya sheria, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na nyongeza haizidi nusu ya muda uliowekwa, yaani mwaka mmoja na nusu kwa madai ya miaka mitatu. Kuhusu siku ya kugundua, sheria yetu inaizingatia pale ambapo mdaiwa ameficha ukweli kwa hila. Mtu anaweza kujenga hoja kwamba faili "lisiloonekana" ni uficho, au kwamba madhara yalijitokeza baadaye. Mimi mwenyewe ningeijenga nikibanwa. Lakini kuingia mahakamani huku unategemea hoja hiyo wakati ungeweza kufungua ndani ya muda ni sawa na kuvuka mto kwa kuogelea ilhali daraja liko wazi.

Mama Tunu, pole mno. Madai yako mwenyewe ya gharama ulizotumia kumtunza mtoto huenda yamekwisha kubanwa na muda. Madai ya mtoto ni tofauti: kwa kuwa ni mdogo kisheria, muda wake haukimbii hadi atakapofikisha miaka 18, na sasa hivi anaweza kushitaki kupitia kwako kama "rafiki wa karibu", yaani mtu mzima anayemwakilisha mtoto mahakamani. Ila usisubiri, maana karatasi zile hazitasubiri. Tafuta msaada wa kisheria. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Wanawake hutoa ushauri bila malipo, na tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wapo wasaidizi wa kisheria hadi vijijini.

#14 Mama Tunu

Nimesoma mara tatu. Ahsante, wakili. Miaka mitatu nimekuwa nikiamini mlango umefungwa.

#15 Mwuguzi wa Leeds

Nadhani Mjukuu amesoma sheria ya huku Uingereza, na hakosei kwa huku. Sheria yao ya mwaka 1980 inahesabu miaka 3 tangu siku mgonjwa alipojua au alipopaswa kujua. Tena hospitali za umma zina wajibu wa kisheria wa kumwambia mgonjwa ukweli kosa kubwa linapotokea, hata kabla hajauliza. Kwetu daktari wa pili ndiye aliyesema, wa kwanza wako kimya hadi leo.

#16 Mjukuu wa Chifu

Nimekubali kurekebishwa. Ni kweli niliyatoa katika maandishi ya Uingereza.

#17 Msafiri wa Nakuru

Hamjambo, majirani. Kwetu Kenya saa ni kali zaidi: ukiishitaki Serikali kwa madhara ya aina hii una miezi 12 tu, ingawa kwa hospitali binafsi ni miaka 3. Malalamiko ya kitaaluma yanakwenda kwenye baraza la madaktari na madaktari wa meno. Sisi pia tulikuwa na tukio la Februari 2018 katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, ambapo mgonjwa asiyehitaji upasuaji wa ubongo alipasuliwa badala ya mwenzake.

Lakini ipo njia ambayo naona hamjaitaja. Mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya Bungoma mwaka 2013, akipigwa na wauguzi. Alikwenda Mahakama Kuu kwa ombi la kikatiba, akitumia haki ya afya na utu, na mwaka 2018 mahakama ikaamuru alipwe shilingi za Kenya milioni 2.5. Je, nanyi hamwezi kupita huko?

#18 Wakili wa Bonde

Msafiri, ni mfano mzuri, ila katiba zetu hazifanani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaja haki ya afya kama haki inayodaiwa mahakamani. Ya kwetu inalinda haki ya kuishi na utu, na masuala ya ustawi yako katika sehemu ambayo yenyewe inasema haitekelezwi kwa amri ya mahakama. Kwa gozi lililopigwa picha na kuandikwa katika ripoti, njia ya kawaida ya madai ni fupi zaidi.

#19 Bin Unguja

Kumbusho dogo kwa ndugu zangu wa Visiwani mnaosoma kimya: afya si jambo la Muungano. Baraza la Madaktari Tanganyika halihusiki na hospitali za Unguja na Pemba, na sheria zetu za ukomo wa muda ni zetu. Msichukue tarehe za uzi huu mkazipeleka katika mahakama za Zanzibar.

#20 Hesabu Kamili

Baada ya kurekebishwa kuhusu siku 30, na namshukuru wakili, nirudi kwenye ninachokijua kwa hakika, ambacho ni risiti.

Mwaka 2019 mama yangu alivunjika nyonga katika hospitali moja binafsi baada ya kuachwa peke yake kwenye kitanda kisicho na kingo. Tulikaa na uongozi, wakajitolea kurudisha gharama zote za matibabu, wakatuletea karatasi ya ukurasa mmoja tusaini. Tulikuwa tumechoka, tukasaini. Ndani yake kulikuwa na sentensi isemayo kwamba hatutakuwa na dai lingine lolote dhidi yao. Miezi mitano baadaye nyonga ikahitaji kubadilishwa, na gharama yake ilikuwa mara saba ya tulichopewa. Sikosi usingizi kwa sababu ya fedha. Nakosa usingizi kwa sababu mimi, mtu wa mahesabu, sikuisoma sentensi ile.

Sasa, mleta uzi. Fidia ina sehemu mbili. Hasara mahususi ni kila shilingi unayoweza kuihesabu, nayo ni lazima itajwe moja moja na kuthibitishwa kwa ukali. Fidia ya jumla, ya maumivu na mateso, hakimu ndiye anayeipima. Wengi huandika "shilingi milioni mia tano" bila risiti hata moja ya nauli. Wewe chukua daftari. Andika tarehe, safari, nauli, dawa, kipimo, siku ambazo hukufanya kazi, mshahara wa msichana aliyewalelea watoto mama alipokuwa amelazwa. Risiti za joto hufifia, zitoe nakala leo. Zilizopotea za hospitali ya umma zinaweza kufuatiliwa kwa namba ya malipo. Na kama mke wako ana Bima ya Afya, hospitali ilipeleka fomu ya madai kwenye Mfuko ili ilipwe. Fomu hiyo ina ugonjwa, huduma na saini. Faili linaweza "lisionekane" kwa mgonjwa, lakini mahali pa kulipwa lilionekana.

#21 Kipanga

Hesabu Kamili, hiyo ya Bima imenifanya nisimame. Leo umelipa deni la siku 30.

#22 Tumaini la Ukerewe

Naomba nitoe kisa cha upande mwingine. Baba yangu alifanyiwa upasuaji wa ngiri, kidonda kikaoza, akafariki wiki ya tatu. Tuliamini ni uzembe. Tulifuatilia hadi Baraza, na baada ya muda mrefu tukaelezwa kwamba alipewa dawa zote zilizostahili, kwamba maambukizi ni hatari inayojulikana hata pale kazi inapofanywa vizuri, na kwamba kisukari chake, ambacho sisi hatukukitaja wakati wa kulazwa, kilichangia. Ilituchukua muda kulikubali. Nasema hivi kwa sababu si kila tokeo baya ni kosa, na si kila kosa ndilo lililoleta tokeo. Mahakamani unatakiwa kuthibitisha vyote viwili.

#23 Kipanga

Pole, Tumaini. Ila gozi halina kisukari. Jambo kama hili linajisemea lenyewe.

#24 Wakili wa Bonde

Kanuni hiyo ya "jambo linajisemea lenyewe" ipo, na gozi ndilo mfano ambao walimu wa sheria huupenda. Hata hivyo, katika shauri la Kiingereza la Mahon na Osborne la mwaka 1939, lililohusu kitambaa kilichoachwa tumboni, majaji wa rufaa hawakukubaliana: mmoja aliona jambo linajisemea, mwingine akasema mtu wa kawaida hawezi kujua yanayotendeka ndani ya upasuaji bila kuelezwa na mtaalamu. Ndiyo maana sipendi mteja wangu aitegemee peke yake. Anahitaji daktari aliyelitoa gozi. Ripoti yake ya upasuaji ndiyo moyo wa shauri hili.

#25 Nesi wa Thieta

Na hapo ndipo penye kigugumizi. Madaktari wachache sana watakubali kusimama dhidi ya wenzao. Tulisoma pamoja, tunakutana kwenye semina, tunahamishiana wagonjwa. Mimi naona hiyo ndiyo sababu kuu ya mashauri haya kuwa machache, kuliko hata mafaili.

#26 Daktari wa Zamu

Mimi naona tofauti, Dada. Tunaogopa kwa sababu hakuna mahali pa kusema kosa bila kuangamizwa. Ningekuwa na uhakika kwamba nikisema "tuliacha gozi" mgonjwa atalipwa na mfuko fulani nami nitafundishwa upya, ningesema siku hiyohiyo.

#27 Mama Tunu

Nami naona sababu ni sisi. Hatuulizi. Nilishika karatasi ile mapajani mwangu na sikuipiga picha, kwa kuwa niliona nitaonekana mjuaji.

#28 Kalamu ya Wino

Kuhusu faili, sijaona aliyetaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Inampa mtu haki ya kupata taarifa zake mwenyewe kwa anayezihifadhi, na ipo Tume ya kupelekewa malalamiko. Baba Wawili, acha kwenda kuomba kwa mdomo. Andika barua kwa mganga mfawidhi, mke wako asaini mwenyewe kwa kuwa taarifa ni zake, nakala kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi. "Halionekani" ya mdomo haina uzito. "Halionekani" yenye saini ni ushahidi.

#29 Baba Wawili (mleta uzi)

Wana jukwaa, nawashukuru. Zimepita wiki tatu, narudi na taarifa.

Mke wangu alisoma uzi huu wote usiku mmoja. Asubuhi aliniambia neno moja kuhusu Mama Tunu na ile karatasi, kisha akaomba kalamu. Barua ameiandika kwa mkono wake. Jibu limekuja kwa maandishi: faili halijapatikana, lakini rejista ya thieta ipo. Walituruhusu kuiona mbele ya mganga mfawidhi. Karani alifunika mistari ya wagonjwa wengine kwa karatasi mbili nyeupe, ukabaki mstari wake peke yake, kama dirisha. Jina ni lake, tarehe ni yake, saa nane na dakika ishirini usiku. Katika safu ya hesabu ya gozi limeandikwa "kamili". Mke wangu aliweka kidole chini ya neno hilo, hakusema kitu, akakiondoa.

Daktari wa hospitali ya pili amekubali kutoa ripoti yake. Kuhusu kusimama mahakamani, amesema akiletewa hati ya wito atakuja. Picha ya gozi ipo, gozi lenyewe waliliteketeza.

#30 Nesi wa Thieta

Je, wino wa neno "kamili" ulikuwa sawa na wino wa mstari uliobaki? Na mistari ya juu na chini ilikuwa na namba au neno?

#31 Baba Wawili (mleta uzi)

Wino ulikuwa uleule wa bluu. Mistari mingine ilikuwa imefunikwa, Dada.

#32 Daktari wa Zamu

"Kamili" inaweza kuwa imeandikwa kwa nia njema na mtu aliyeamini amehesabu sawa.

#33 Kipanga

Au imeandikwa na mtu ambaye hakuhesabu kabisa.

#34 Wakili wa Bonde

Yote mawili yanawezekana, na yote mawili yanamfaa mdai, kwa sababu gozi lilitoka. Baba Wawili, katika notisi ombeni ukurasa huo wa rejista utunzwe kama ulivyo, pamoja na kurasa za usiku ule wote. Ile mistari iliyofunikwa, mahakama ndiyo itakayoamua kama ifunuliwe.

#35 Baba Wawili (mleta uzi)

Tumeelewa. Notisi inapelekwa Jumatatu, mke wangu atakwenda nayo mwenyewe.